Sura ya Sita: Kiroba Kutoka Mbwawa

Chukulia ni saa nne usiku huko Mbwawa, kata ya Mji wa Kibaha iliyo kando ya pilikapilika za Maili Moja. Askari watatu wa doria wanasimamisha pikipiki. Dereva ni kijana wa bodaboda, na nyuma yake kuna kiroba kilichofungwa kwa mpira. Kinafunguliwa, ndani mna majani makavu. Askari wanasema ni bangi. Kijana anasema amepewa mzigo aufikishe Picha ya Ndege, kilichomo hakijui. Anavishwa pingu, anapelekwa hadi kwenye chumba anachopanga, chumba kinapekuliwa, na wanatoka na mizani ndogo na shilingi laki mbili. Hapo ndipo mmoja wao anapokwenda kumgongea mwenyekiti wa mtaa.

"Mwenyekiti, samahani kwa usumbufu. Tunaomba saini yako hapa."

"Nasaini nini, afande?"

"Hati ya ukamataji mali. Mzigo ndio ule pale."

"Mbona mimi nimeukuta uko nje tayari?"

"Ni utaratibu tu, mzee wangu."

Mwenyekiti anasaini, anarudi kulala.

Tukio hili nimelitunga, lakini anayesoma hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania atakutana na kila kipande chake mahali fulani. Miezi itapita, na kiroba kile kitawekwa juu ya meza katika Mahakama ya Wilaya ya Kibaha. Shahidi wa Jamhuri atasema, "Mheshimiwa, naomba mahakama ikipokee kama kielelezo." Hakimu atamgeukia kijana na kumuuliza kama ana pingamizi. Sura hii inahusu swali hilo na majibu yake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaowasumbua hata waandishi wa habari za mahakamani. Kielelezo kupokelewa si sawa na kielelezo kuaminiwa. Mlangoni hakimu anauliza kama kitu hiki kinahusiana na kosa, kama anayekileta ana sifa ya kukileta, na kama kilipatikana kwa njia ambayo sheria inaikubali. Kikishapita ndipo kinapimwa uzito, pamoja na maneno ya mashahidi wote, mwisho wa kesi. Kiroba kinaweza kupokelewa leo na kisimtie mtu hatiani kesho. Ila kikikataliwa mlangoni, hakimu hana ruhusa ya kukiweka tena kwenye mizani, hata kama moyoni anaamini ni cha yule kijana.

Nitazitaja sheria mbili mara kwa mara: Sheria ya Ushahidi ya 1967, ambayo ni Sura ya 6, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, ambayo ni Sura ya 20. Namba za vifungu ni kama zilivyosomeka katika Toleo la 2019. Urekebu wa 2023, ulioanza kutumika Julai 2025, umepangua namba nyingi, kwa hiyo anayetaka kwenda nazo mahakamani azihakiki kwanza. Mahakama za mwanzo zenyewe hazitumii Sheria ya Ushahidi kabisa. Zina kanuni zao fupi, za tangu 1964. Haya ninayoyaeleza yanaanzia mahakama ya wilaya kwenda juu.

Sasa turudi barabarani. Pale Mbwawa palifanyika upekuzi wa aina mbili, na sheria haiutazami kwa jicho moja. Pikipiki inayotembea usiku inaweza kutoweka na mzigo wake, na kifungu cha 42 cha Sura ya 20 kinamruhusu askari kupekua bila hati pale ambapo uzito wa jambo na uharaka wake havimwachii nafasi ya kwenda kuitafuta. Chumba cha kupanga hakikimbii. Kwa chumba, kifungu cha 38 kinataka mkuu wa kituo apekue mwenyewe au ampe askari wake kibali cha maandishi, na kikipatikana kitu, itolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye mahali pale na za mashahidi waliokuwepo, kama wapo. Kifungu cha 40 kinaongeza kwamba hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, mpaka mahakama iruhusu vinginevyo. Saa nne usiku jua limezama zamani. Kwa hiyo kiroba kina hoja ya kujitetea, ilhali mizani na laki mbili viko mashakani. Askari wangeweza kumweka mtu wao mlangoni kwa mwenye nyumba mpaka alfajiri, wakaingia wakiwa na karatasi mkononi na mwenyekiti akiwa macho.

Msomaji anaweza kuuliza: bangi si bangi tu? Karatasi ikikosekana, majani yanageuka mchicha? Ni swali la haki, na mahakama za Afrika Mashariki ziliwahi kulijibu kama mwananchi wa kawaida angelijibu. Jibu hilo lilitolewa kwa gharama ya mtu aliyehukumiwa kifo.

Jina lake ni Kuruma, mwana wa Kaniu. Alikuwa akiendesha baiskeli nchini Kenya wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 ili kuwazima Mau Mau. Kwenye kizuizi cha polisi akasimamishwa, akapekuliwa. Polisi walisema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha kukunja. Yeye akakana kuwa na risasi. Kanuni za hali ya hatari ziliruhusu upekuzi wa namna ile ufanywe na afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au cha juu zaidi, na waliompekua hawakufikia cheo hicho. Kisu hakikuletwa mahakamani. Watu wengine waliosemekana kuwepo wakati wa upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Wazee wa baraza watatu waliokaa na hakimu walishauri aachiwe. Hakimu akamtia hatiani, adhabu ikawa kifo, na rufaa yake ikafika London kwenye Baraza la Malkia, lililokuwa mahakama ya juu kabisa kwa makoloni. Lord Goddard, akiisoma hukumu iliyochapishwa 1955, alisema kinachotakiwa ni kujua kama ushahidi unahusiana na jambo linaloamuliwa. Ukihusiana unapokelewa, na mahakama haishughuliki na namna ulivyopatikana. Aliacha dirisha dogo: hakimu anaweza kuukataa pale ambapo kuupokea kutamwonea mshtakiwa. Kuruma hakulipita dirisha hilo.

Ninaitazama kesi ile tofauti na walivyoitazama wazee wa London. Wao walitenganisha mambo mawili: kama risasi zilikuwepo, na kama upekuzi ulikuwa halali. Lakini sharti la cheo liliwekwa kwa nini? Liliwekwa ili mtu mwenye dhamana, mwenye cha kupoteza akidanganya, awepo mfuko unapofunguliwa. Ukiliondoa sharti, umeondoa pia kitu pekee ambacho kingemsadikisha mtu wa tatu kwamba risasi zilitoka mfukoni kwa Kuruma na si mkononi kwa askari. Vivyo hivyo Mbwawa. Mwenyekiti wa mtaa hasumbuliwi usiku ili kutimiza utaratibu tu. Akiitwa kabla mpira haujafunguliwa, yeye ndiye atakayesema mahakamani, "Nilikiona kikiwa nyuma ya pikipiki, kikiwa kimefungwa." Akiitwa baadaye, anachoweza kusema ni kwamba aliona kiroba chini na kijana amefungwa pingu. Utaratibu ndio ushahidi wa ushahidi, na ukivunjwa, swali la "kilipatikanaje" na swali la "kilikuwepo kweli" yanakuwa swali moja.

Wamarekani waliamua kwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 1957 polisi wa Cleveland waliingia nyumbani kwa mwanamke aitwaye Dollree Mapp wakipunga karatasi waliyodai ni hati, na hati yenyewe haikuwahi kuonyeshwa mahakamani. Mwaka 1961 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaamua kwamba vilivyopatikana kwa upekuzi uliovunja katiba havipokelewi katika mahakama ya jimbo lolote. Tanzania ilichagua njia ya katikati, nayo imo katika kifungu cha 169 cha Sura ya 20, ambacho kwa maoni yangu ni kimojawapo cha vifungu vilivyofikiriwa vizuri kuliko vyote katika sheria zetu za jinai, na pia kimojawapo cha vinavyotumiwa vibaya.

Kinasema hivi, kwa maneno yangu. Ikiwekwa pingamizi kwamba ushahidi umepatikana kwa kuvunja sheria, au umetokana na uvunjaji huo, mahakama isiupokee, isipokuwa iridhike kwamba kuupokea kutaleta manufaa mahususi na makubwa kwa umma bila kuumiza isivyostahili haki za mtu yeyote. Mzigo wa kuiridhisha mahakama ni wa yule anayetaka ushahidi uingie, yaani kwa kawaida Jamhuri. Na hakimu anaelekezwa aangalie nini: uzito wa kosa, uzito wa uvunjaji wenyewe, uharaka uliokuwepo, na kama ushahidi uleule ungeweza kupatikana kihalali. Kwa chumba cha yule kijana, hili la mwisho ndilo linaloiua hoja ya Jamhuri. Karatasi ilikuwa umbali wa safari ya pikipiki hadi kituoni.

Tatizo ni kwamba upimaji huu unadai kazi, na kazi hiyo mara nyingine hairekodiwi. Ziko hukumu zinazokiondoa kielelezo kwa sentensi moja, na ziko zinazokiacha kwa sentensi moja. Mfano mzuri ni saa nne za mahojiano.

Kifungu cha 50 kinawapa polisi saa nne za kumhoji mtu, kuanzia anapowekwa chini ya ulinzi, bila kuhesabu muda wa kumsafirisha au wa kusubiri wakili wake. Kifungu cha 51 kinaruhusu muda huo kuongezwa hadi saa nane nyingine. Kijana wetu alikamatwa saa nne usiku. Akalala mahabusu Maili Moja, na maelezo yake ya onyo yakaandikwa saa tano asubuhi. Hesabu zinafika saa kumi na tatu, na Mbwawa hadi Maili Moja si safari ya kula saa. Hata kama afisa anayesimamia upelelezi angeongeza muda huo, wamepitiliza.

Katika kesi ya Janta Joseph Komba na wenzake, rufaa namba 95 ya 2006, Mahakama ya Rufani ilikuwa kali: kumweka mtu mikononi mwa polisi kupita muda uliowekwa na sheria ni mateso, ya akili au ya namna nyingine, na Bunge halikuweka kikomo bila sababu. Maelezo yakatupwa. Miaka michache baadaye, katika Nyerere Nyague, rufaa namba 67 ya 2010, mahakama hiyohiyo ikasema si kila uvunjaji wa Sura ya 20 unaofuta ushahidi wenyewe kwa wenyewe. Kifungu cha 169 kinataka upimaji. Mawakili wa utetezi wanabeba Komba, mawakili wa Serikali wanabeba Nyague, na hakimu wa wilaya amekaa katikati na mafaili arobaini ya siku ile. Mimi naona Nyague iko sahihi kisheria, lakini inamdai hakimu aandike alichopima na kwa nini. Kusema tu "pingamizi limekataliwa" hakutoshi.

Katika maelezo yale ya saa tano asubuhi kijana alisema nini? Kwamba bangi ni yake na kwamba aliichukua kwenye shamba moja upande wa Kisarawe. Ungamo kwa polisi ni eneo ambalo Tanzania iliwahi kuwa na ukuta mrefu, kisha ikaufungua mlango. Ukuta ulijengwa India. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, ilikataza ungamo lolote lililotolewa kwa polisi kutumika dhidi ya mshtakiwa. Waingereza waliileta Tanganyika 1920, na sheria yetu ya 1967 ilirithi mifupa yake. Mwaka 1980 kifungu cha 27 kikabadilishwa: ungamo kwa afisa wa polisi, maana yake koplo au mwenye cheo cha juu zaidi, likaruhusiwa, mradi lilitolewa kwa hiari, na Jamhuri ndiyo inayopaswa kuithibitisha hiari hiyo. India yenyewe imeandika upya sheria yake, mpya ikaanza Julai 2024, na ukuta wameuacha palepale. Kenya wana uangalizi wa namna nyingine: ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye chini ya inspekta, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa awepo. Juu yake kuna Ibara ya 50(4) ya Katiba yao ya 2010, inayotaka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi uondolewe ikiwa utaiharibu kesi au utaudhuru utoaji haki. Kwetu koplo anatosha, usiku, katika chumba cha watu wawili.

Kuna njia bora zaidi, nayo inatumika kila siku: kumpeleka mtuhumiwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa mahakama ya mwanzo iliyo karibu. Katika Petro Teophan, rufaa namba 58 ya 2012, Mahakama ya Rufani ilikumbusha mwongozo wa Jaji Mkuu kuhusu nini kifanyike humo. Mlinzi wa amani anatakiwa aandike siku na saa ambayo mtu huyo alikamatwa, na mahali. Amuulize alilala wapi kabla ya kuletwa. Kama kuna mtu aliyemtishia au kumwahidi chochote. Kama kweli anataka kusema kwa hiari yake. Amweleze kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Swali la alilala wapi linaonekana dogo, ila mtu aliyelala siku tatu katika kituo ambacho jina lake halimo kwenye daftari la mahabusu atalijibu, na jibu litabaki kwenye karatasi.

Sasa tuseme maelezo ya onyo yanaletwa mahakamani na kijana anasema alipigwa. Kesi kubwa inasimama. Panaanza kesi ndogo ndani ya kesi, au uchunguzi kama unavyoitwa katika mahakama za chini, yenye mashahidi wake, maswali yake ya dodoso na uamuzi wake. Jamhuri inaanza: koplo anaeleza chumba, saa, onyo alilompa. Kisha mshtakiwa. Kinachobishaniwa ni namna maneno yalivyotoka, na ukweli wa maneno hayo hauguswi hapo. Watanzania wengi walijifunza utaratibu huu mwaka 2021, walipofuatilia kesi ya ugaidi iliyomhusu mwenyekiti wa Chadema wakati ule, Freeman Mbowe, na wenzake watatu, katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Utetezi ulipinga maelezo ya mshtakiwa wa pili, aliyekamatwa Moshi na kuandikwa maelezo Dar es Salaam: kwamba yalichukuliwa nje ya muda wa kisheria, na kwamba aliteswa. Kesi ndogo ikasikilizwa. Tarehe 20 Oktoba 2021 Jaji Mustapha Siyani akayatupa mapingamizi na kuyapokea maelezo. Kesi yenyewe haikufika hukumu. Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa tarehe 4 Machi 2022. Kupokelewa kwa maelezo yale kulitangazwa mitandaoni kana kwamba ni hatia, na wapo waliobishana wiki nzima juu ya hukumu ambayo haikuwepo.

Linalonishughulisha zaidi ni lile linalotokea kichwani mwa hakimu. Uingereza, bishano kama hili likizuka, wazee wa baraza lao, wale raia kumi na wawili wanaoamua hatia, hutolewa nje. Wanarudi wakiwa hawajui kilichobishaniwa. Kibaha hakuna wa kumtoa nje. Hakimu anayeamua kama maelezo yapokelewe ndiye atakayeamua kama kijana ana hatia. Akiyakataa, anatakiwa asiyajue tena. Ndiyo maana uamuzi wa Robinson Mwanjisi na wenzake, ulioripotiwa 2003, una maana kubwa kuliko unavyoonekana: nyaraka inayotakiwa kuingia kwenye ushahidi isafishwe kwanza kwa ajili ya kupokelewa, ipokelewe, ndipo isomwe kwa sauti. Ikisomwa kwanza, pingamizi linakuja baada ya sumu kunywewa.

Upande wa pili wa kanuni hiyo umewaachia huru watu wengi zaidi. Nyaraka ikipokelewa isiposomwa, mshtakiwa hajui kilichomo, hawezi kukijibu, na Mahakama ya Rufani imeziondoa nyaraka za aina hiyo kwenye kumbukumbu mara nyingi: maelezo ya onyo, hati za ukamataji, taarifa za Mkemia Mkuu, fomu za PF3 kutoka hospitali za aina ya Tumbi. PF3 ina sharti lake la ziada katika kifungu cha 240: mshtakiwa aambiwe kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Kusoma ukurasa mmoja kunachukua dakika mbili, na kesi ya miaka minne imeangukia hapo. Nyaraka ikiondolewa, maneno ya mdomo ya shahidi aliyeieleza mahakamani yanaweza kubaki na yakatosha. Ila kwa majani makavu, maneno ya askari kwamba "yalinuka bangi" hayawezi kuziba nafasi ya taarifa ya Mkemia.

Na kiroba chenyewe? Mbwawa hakikufungwa lakiri. Hakikupimwa. Kililala nyuma ya kaunta, asubuhi mtunza vielelezo akakiandika kwenye daftari kuwa kilo kumi na mbili, na baada ya siku tisa askari mwingine akakipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam, ambako mizani ilisoma kilo kumi na moja na kidogo. Siku tisa zile kilikuwa kwa nani? Katika Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza mnyororo wa utunzaji: pawe na kumbukumbu za mfuatano zinazoonyesha nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani, nani alichunguza, mpaka kitu kinafika mahakamani. Baadaye mahakama ililegeza kidogo. Mnyororo unaweza kuthibitishwa kwa mdomo, si lazima kila kiungo kiwe karatasi. Na katika Issa Hassan Uki, rufaa namba 129 ya 2017, iliona kwamba meno ya tembo si kitu cha kubadilika mikono kirahisi, kwa hiyo pengo dogo halikuua kesi. Majani ya bangi si pembe. Yanamwagika, yanachanganyika, yanapungua. Kadiri kitu kinavyoweza kubadilishwa kwa urahisi, ndivyo kumbukumbu zinavyotakiwa kubana.

Kuhusu shamba la Kisarawe: kifungu cha 31 cha Sura ya 6 kinaruhusu ile sehemu ya maneno ya mtuhumiwa iliyopeleka moja kwa moja kwenye ugunduzi wa kitu. Polisi wakienda shambani wakakuta magunia mengine pale alipopataja, maneno "yako pale" yanaweza kuingia kwa mlango huo. Utetezi utajibu kwa kifungu cha 169, kinachogusa pia ushahidi uliotokana na uvunjaji. Hapo sheria zetu mbili zinatazamana, na hakimu atapima.

Haya yote yana sharti moja gumu: mtu aseme. Pingamizi la kulazimishwa huwekwa kabla maelezo hayajapokelewa. Likikosa kusemwa pale, Mahakama ya Rufani imekataa kulisikiliza kama jambo jipya. Washtakiwa wengi katika mahakama za wilaya wanasimama bila wakili. Hakimu anauliza, "Una pingamizi?" Kijana anadhani ameulizwa kama ana la kugombana, na kwa heshima anajibu, "Sina, mheshimiwa." Kielelezo P1 kimeingia. Dosari zinazoonekana kwenye kumbukumbu zenyewe, kama nyaraka kutosomwa, zitakuja kuonwa na majaji wa rufaa, lakini hiyo ni baada ya miaka, na miaka hiyo analala gerezani. Kuanzisha kesi upya nako kuna mpaka: tangu Fatehali Manji, 1966, mahakama zetu hazirudishi kesi ianze upya ili Jamhuri izibe mapengo yake. Kwa hiyo mwenye hatia anaweza kutoka kwa kosa la askari, na asiye na hatia anaweza kukaa ndani muda wote huo akisubiri kosa hilohilo lionekane. Wanaolalamika kwamba sheria inawalinda wahalifu huitazama nusu ya kwanza tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa mwenyekiti wa mtaa au jirani na ukaitwa kushuhudia upekuzi, nenda, ila usisaini kitu usichokiona kikitoka. Uliza hati, soma orodha yote, andika saa kando ya jina lako, na kama umefika mzigo ukiwa nje, andika hivyo hivyo kwa mkono wako. Ukiwa ndiye unayepekuliwa, dai stakabadhi. Ukihojiwa, uliza ni saa ngapi na hakikisha imeandikwa. Mlinzi wa amani akikuuliza kama kuna aliyekugusa, huo ndio wakati wa kuonyesha jeraha. Na siku hakimu atakapokuuliza kama una pingamizi, ukiwa hujaelewa, mwambie kwamba hujaelewa na umwombe akufafanulie kabla hajaandika jibu lako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuruhusu kutafuta msaada bila malipo ukiwa huna uwezo. Uombe mapema, kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.